Nguzo ya Tisa

Mimi Tima wa Langoni,
mpiga picha za ndani,
wanawake faraghani,
mume hakuruhusika.

Picha hizo ni amana,
nywele, vikuku na hina;
fundi wa kiume hana
haki hata ya kushika.

Nikaiunda kompyuta,
vipande kuvitafuta,
Mombasa nikavivuta
kimoja kimoja, mwaka.

Ubao mama kwa basi,
kasha la chuma jeusi,
na feni tatu nyepesi,
Mokowe vilikoshuka.

Nikafunga kila nati,
mgongo kwenye kabati,
taa moja katikati;
ikawaka, nikacheka.

Siku mbili, si zaidi,
nahariri kwa juhudi
harusi ya kina Badi,
pu! kimya, ikazimika.

Mara nyingine yaganda:
pete i nusu ya chanda,
mkono wagoma kwenda,
na vifijo vyakatika.

Au kioo buluu,
maandishi huko juu,
“Samahani” kubwa kuu,
kisha upya yaamka.

Mama mwali kapigia:
“Tima, tumevumilia,
mimba imeshaingia
na kanda haijafika!”

Nikaanza kwa memori,
nikatoa kwa hadhari;
kimoja, nikasubiri,
kingine nikakiweka.

Jaribio la usiku,
hadi wakawika kuku,
sifuri tupu. Na huku
asubuhi yaanguka.

Nikapima lake joto:
hamsini tu, si moto;
jasho langu kama mto,
yenyewe haikuchoka.

Nikabadilisha nyaya,
nikaweka upya, haya,
mfumo wote; mabaya
yaleyale yafufuka.

Nikashitaki umeme,
jirani aniazime
kifaa, ili nipime;
volti hazikupunguka.

Famau, kaka, kasema:
“Mpe fundi, si lawama.”
Nami nikamtazama.
Akaondoka haraka.

Bibi akaleta udi,
kafukiza kwa kusudi:
“Ni jicho lake hasidi,
mwanangu, lina mashaka.”

Feni ikavuta moshi,
ikapuliza, haishi;
saa tatu, si uzushi,
haikuzima, hakika.

Saa nne, punda kaja
na magunia pamoja;
kichochoro ni kimoja,
meza ikatikisika.

Pu! Ikafa papo hapo.
Nikatulia nilipo.
Nikawaza: kitu kipo,
kinagusa na kutoka.

Kwa kidole, polepole,
nikagonga huku, kule,
kama fenesi, nilile;
kona moja yaitika.

Nikafungua ubao,
nyaya na viungo vyao;
nguzo na matundu yao
hesabu nikaiweka.

Matundu ni manane tu,
nguzo tisa! Moja, butu,
ya shaba, ndogo, si kitu,
chini, pweke, yasimika.

Nani aliyeifunga?
Si jini wala si wanga:
mkono wangu mchanga,
usiku nilipocheka.

Ubao ulipocheza
kwa punda, kwa feni, meza,
shaba ikajipenyeza,
umeme ukapotoka.

Kaing'oa kwa kibano,
haizidi hata jino;
kwenye kikombe cha wino
hadi leo nimeweka.

Ikawaka. Ile pete
ikapita chanda chote,
wakapiga wake wote
vifijo vilokatika.

Bibi asema ni udi.
Simpingi, sina budi:
saa tatu ni shahidi,
au punda alichoka.

Ila apitapo punda
mkono wangu huganda,
kama ule wenye chanda,
hata kwato kuondoka.